Lithiamu moja, namba maelfu: tuziamini vipi hesabu za molekuli zilizopandikizwa atomu?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nasoma kemia, niko mwaka wa mwisho, na natafuta mada ya mradi. Nimepitia makala nyingi zenye sura moja: mtu anachukua kizimba cha boroni na nitrojeni, au kipande cha grafini (karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja), anakipandikiza atomu ya lithiamu au ya metali nyingine, anapiga hesabu kwenye kompyuta, kisha anatangaza kwamba uwezo wake wa kugeuza mwanga wa leza umepanda maelfu ya mara, au kwamba amepata kichocheo bora cha kutoa hidrojeni kwenye maji. Maabara hakuna. Je, hesabu hizi zina uzito au ni namba tu? Na kama zina uzito, mimi mwenye kompyuta ya kawaida nianzie wapi?

Jibu: Marahaba. Zina uzito, lakini uzito huo haupo kwenye ile namba kubwa inayowekwa mbele ya makala. Upo kwenye ulinganisho na kwenye sababu. Namba peke yake hainishtui tena. Ninachotafuta ni kama mwandishi ameonyesha elektroni imetoka wapi na imekwenda wapi, na kama ingebaki huko siku molekuli hiyo itakapotoka kwenye kompyuta na kukutana na hewa.

Mwanga na uchocheaji, hayo mawili uliyoyataja, huonekana kama mada mbili, ila katika kazi hizi mzizi wake mara nyingi ni mmoja: elektroni iliyolegea. Atomu ya lithiamu huachia elektroni yake ya nje kwa nishati ya elektronivolti (eV) 5.39, sodiamu kwa 5.14, potasiamu kwa 4.34, sesiamu kwa 3.89, na katika jedwali zima hakuna elementi iliyo chini ya sesiamu. Ukiisogeza atomu ya namna hiyo karibu na nitrojeni zenye jozi zake za elektroni, ile elektroni ya nje husukumwa pembeni, ikabaki inaelea nje ya kizimba bila kushikwa sawasawa na upande wowote. Kilicholegea hivyo hutikiswa kwa urahisi na mwanga, na hutolewa kwa urahisi kwa molekuli nyingine inayopita. Tatizo ni kwamba ulegevu huohuo ndio unaokifanya kitu chenyewe kiharibike kikiguswa na unyevu, na ndio unaozifanya mbinu zetu za hesabu zikosee zaidi kuliko kawaida. Ukilishika hilo, makala nyingi utazisoma kwa jicho jingine.

Tuanze na mwanga. Mwanga hafifu ukipita kwenye molekuli, elektroni hucheza kwa mdundo uleule wa mwanga ulioingia. Ukiwa mkali sana, kama wa leza, mchezo haulingani tena na msukumo. Ni kama spika ndogo iliyofunguliwa sauti kupita uwezo wake: inaanza kutoa milio isiyokuwemo kwenye wimbo. Kwa molekuli, mlio mmojawapo wa aina hiyo ni mwanga wenye masafa maradufu ya ule ulioingia, na kipimo cha uwezo wa molekuli moja kuutoa ndicho kinachoandikwa β (beta). Jambo hili lilionekana mara ya kwanza mwaka 1961, mwaka mmoja baada ya leza ya kwanza ya Theodore Maiman. Peter Franken na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walipitisha mwanga mwekundu wa leza ya rubi, nanomita 694.3, ndani ya fuwele ya kwotsi, wakapata mwanga wa nanomita 347 hivi. Nukta iliyouonyesha kwenye picha ilikuwa hafifu mno. Inasimuliwa kwamba wahariri wa jarida walidhani ni uchafu wakaifuta, na mpaka leo ukiifungua makala ile utaona mshale unaoelekeza mahali patupu. Kalamu ya leza ya kijani inayotumiwa kwenye mihadhara hufanya kazi hiyohiyo: ndani yake mwanga wa infraredi wa nanomita 1064 hugeuzwa kuwa wa nanomita 532.

Sasa hili la "maelfu ya mara". Chukua kizimba ulichokitaja, B₁₂N₁₂, kwa sababu kinauonyesha mtego wote. Kina atomu 24 zilizopangwa katika miraba sita na pembesita nane, na kina kitovu cha ulinganifu: kila atomu ina pacha wake upande wa pili wa kitovu. Molekuli yenye ulinganifu huo β yake ni sifuri kamili. Hilo haliletwi na kompyuta, linaletwa na jiometri: ukigeuza mwelekeo wa msukumo ni lazima jibu nalo ligeuke vilevile, na mchango wa masafa maradufu unakosa pa kusimama. Ukiiweka lithiamu juu ya uso mmoja, ulinganifu unavunjika na β inaanza kuwepo. Imepanda mara ngapi? Swali hilo halina jibu, kwani hakuna kugawa kwa sifuri. Anayepata "mara elfu kadhaa" kwa kizimba hiki amegawa kwa masalia ya ukadiriaji, yale 0.0-na-kitu yanayobaki kwa kuwa umbo halikutulia sawasawa kwenye kompyuta. Uwiano wa aina hiyo mimi nauruka bila kusita, naenda kutafuta thamani ya β yenyewe.

Ulinganisho halali ni kama ule wa mwaka 2005, ambapo kundi la wanakemia wa China lilihesabu kaliksi[4]piroli, molekuli ya piroli nne zilizofungamana kama bakuli, kabla na baada ya kuitia atomu ya lithiamu. Bakuli halina kitovu cha ulinganifu, kwa hiyo tayari lilikuwa na β yake ndogo, vizio 390 vya kiatomu. Baada ya lithiamu ikawa 7326. Hiyo ni mara 19 hivi, na ni ongezeko la kweli ndani ya mbinu ileile. Kikubwa zaidi, walieleza sababu: jozi za elektroni za nitrojeni zimeisukuma elektroni ya lithiamu nje, na hiyo iliyosukumwa ndiyo inayocheza.

Kwa nini icheze sana? Mwaka 1977 Oudar na Chemla walitoa fomula rahisi ambayo hadi leo ndiyo tunayoikimbilia. Inasema β hukua kadiri chaji inavyohama pale molekuli inaporuka kwenda hali ya juu na kadiri mruko huo ulivyo na nguvu, kisha hugawanywa kwa kipeo cha tatu cha nishati ya mruko. Kipeo cha tatu si mchezo. Ukiishusha nishati ya mruko kutoka eV 4 hadi eV 1, kipengele hicho peke yake kinakupa mara 64 bila kitu kingine chochote kubadilika.

Na hapo ndipo furaha inapotakiwa kupungua. Mwanga wa nanomita 1064 ni eV 1.17, ule wa nanomita 532 ni eV 2.33. (Gawa 1240 kwa nanomita, unapata elektronivolti, hesabu hiyo utaitumia kila siku.) Molekuli ambayo elektroni yake inaruka kwa eV 1.2 itaumeza mwanga wa leza unaoingia, na inayoruka kwa eV 2.3 itaumeza ule wa kijani uliotaka utoke. Badala ya kigeuza mwanga unapata kitu kinachopata joto na kuungua. Makala nyingi hazilioni hili kwa sababu zinahesabu β tuli, yaani ya masafa sifuri, ambako umezaji haupo. Ukisoma makala, tafuta mambo mawili: β iliyohesabiwa kwenye urefu wa wimbi wa leza halisi, na spekta ya umezaji iliyowekwa pembeni yake. Yasipokuwepo, jambo muhimu kuliko yote kuhusu matumizi bado halijaulizwa.

Kuna mambo mengine mawili ya mwanga nitayapita haraka. La kwanza ni vizio: kizio kimoja cha kiatomu cha β ni 8.64 × 10⁻³³ esu (mfumo mwingine wa vizio), na kuna watu wanaoandika mfululizo wa fomula wakiwa na nusu mbele ya β na wengine bila nusu. Namba mbili zinaweza kutofautiana mara mbili kabla ya yeyote kukosea, basi usilinganishe makala mbili mpaka ujue kila moja imetumia kanuni gani. La pili ni fuwele. Molekuli moja haijengi kifaa. Lazima zijipange kwa wingi, na molekuli zenye ncha chanya na ncha hasi hupenda kulala mzungu wa nne, kila moja ikiifuta jirani yake. Para-nitroanilini, molekuli ambayo kila kitabu cha somo hili hutolea mfano, ina β nzuri tu, lakini fuwele yake ina kitovu cha ulinganifu na haitoi mwanga maradufu hata kidogo. Ongeza kikundi kimoja cha methili pembeni ya kikundi cha amino, upangaji unabadilika, na fuwele ya hiyo mpya ni miongoni mwa zile zenye nguvu. Hesabu ya molekuli moja haikuambii hilo.

Nilisema ulegevu wa elektroni unazisumbua hesabu zenyewe. Karibu kazi zote ulizosoma zimetumia nadharia ya msongamano wa elektroni, ambayo wenyewe tunaiita DFT. Ilianza na Hohenberg na Kohn mwaka 1964, ikapata sura ya kutumika kwa Kohn na Sham mwaka 1965, na Walter Kohn akapata Nobeli ya kemia mwaka 1998 pamoja na John Pople. Badala ya kufuata kila elektroni na mwendo wake, unafuata msongamano wa zote kwa pamoja. Nadharia yenyewe ni sahihi. Tatizo ni kipande kimoja cha nishati ambacho fomula yake halisi haijulikani, na kila kundi la watafiti limetengeneza makadirio yake. Makadirio hayo ndiyo zile fankshonali zenye majina kama namba za magari: B3LYP, M06-2X, CAM-B3LYP, ωB97X-D.

Kasoro kubwa ya nyingi kati yake ni kwamba elektroni hujisukuma yenyewe kana kwamba ni mbili, kwa hiyo hutandazwa kupita kiasi. Kwa elektroni iliyofungwa vizuri kwenye kifungo cha kaboni, kosa ni dogo. Kwa elektroni inayoelea nje ya kizimba, hapo ndipo mahali pabaya kuliko pote, na kosa lenyewe linaielekeza β juu, upande uleule ambao mwandishi anautamani. Dawa ni kuchanganya ndani yake sehemu ya nishati ya ubadilishano inayotoka kwenye mbinu nyingine, ya Hartree na Fock, ambayo kosa hilo haina. B3LYP ina asilimia 20 mahali pote. CAM-B3LYP, ya mwaka 2004, ina asilimia 19 elektroni zikiwa karibu na hupanda hadi 65 zikiwa mbali, na ndiyo maana kwa chaji inayohama masafa marefu inaaminika zaidi. ωB97X-D hufika 100 kwa mbali. Makala ya β iliyotumia B3LYP peke yake kwa molekuli yenye elektroni ya ziada, kwangu mimi ni rasimu.

Jambo la pili ni seti ya msingi, yaani yale maumbo ya kihisabati tunayoyatumia kuijengea elektroni wingu lake. Seti kama 6-31G(d) haina maumbo yaliyotanda. Ukiitumia, umeinyima elektroni iliyolegea nafasi ya kukaa kisha unataka uipime inavyotembea. Alama ya kujumlisha katika 6-31+G(d) ndiyo inayoongeza maumbo hayo. Hesabu β ya molekuli moja iliyopandikizwa kwa 6-31G(d), kisha 6-31+G(d), kisha aug-cc-pVDZ, uone namba inavyosogea. Ikiwa bado inakimbia kwenye hatua ya mwisho, huna jibu bado, hata kama programu imeandika kwamba imemaliza salama.

Tuvuke sasa kwenda uchocheaji, na daraja ni elektroni ileile. Mwaka 1983 James Dye na wenzake nchini Marekani walitengeneza fuwele ambamo sesiamu imefungwa na molekuli mbili za eta ya mviringo, na elektroni yake iliyoachwa inakaa kwenye matundu ya fuwele kama vile yenyewe ndiyo ioni hasi. Vitu hivyo vikaitwa elektraidi. Vilikuwa dhaifu sana, vinahitaji baridi kali na kutengwa kabisa na hewa. Kisha mwaka 2003 kundi la Hideo Hosono nchini Japani likapata elektraidi ya oksidi ya kalsiamu na alumini, aina ya kitu kinachopatikana hata kwenye saruji, iliyotulia kwenye joto la kawaida. Mwaka 2012 wakaonyesha kwamba ukiipaka rutheniamu juu yake inakuwa kichocheo kizuri cha kutengeneza amonia, kwa sababu elektroni zilizolegea hupita kwenye metali na kuingia kwenye molekuli ya nitrojeni, zikakidhoofisha kile kifungo chake kigumu cha mara tatu. Ukinitaka nikuonyeshe mahali ambapo wazo la elektroni iliyolegea limetoka kwenye karatasi likafanya kazi ya mikono, nitakuonyesha hapo. Na angalia tofauti: elektroni imezungukwa na kizimba kigumu cha oksidi, haijaachwa inaning'inia nje.

Kwa vichocheo vya atomu moja moja, historia ni ndefu kuliko makala mpya zinavyodokeza. Mwaka 1964 Raymond Jasinski alionyesha kwamba kobalti iliyoshikwa katikati ya fthalosianini huchochea oksijeni kupokea elektroni kwenye seli ya fueli. Atomu moja ya metali, nitrojeni nne kuizunguka: umbo hilohilo ndilo linalohesabiwa leo kwenye grafini iliyotiwa nitrojeni, kwa metali zote za safu ya kati ya jedwali, moja baada ya nyingine.

Kwa hidrojeni, kanuni inayotumika ni ya zamani, ya Paul Sabatier: kichocheo kisikishike kitu kwa nguvu mno, wala kisikiachie upesi mno. Kundi la Jens Nørskov liliigeuza kuwa namba mwaka 2005. Hesabu nishati huru ya atomu moja ya hidrojeni kushikamana na kichocheo. Ikikaribia sifuri, upo mahali pazuri. Kwa vitendo watu huhesabu nishati ya kawaida ya kushikamana, kisha huongeza eV 0.24 kwa ajili ya mitetemo na entropia. Mbinu hiyo si ya karatasi tu. Mwaka huohuo wa 2005 hesabu zilionyesha kwamba kingo za molibdenamu disalfaidi zinafanana na platinamu kwa kigezo hicho, ingawa bapa lake lilijulikana kuwa halifanyi kazi. Mwaka 2007 vipimo vya maabara vikathibitisha kwamba kazi inafanyika kwenye kingo. Hapo kompyuta ilitangulia, maabara ikafuata.

Ila tazama ukubwa wa kosa. DFT ya kawaida hukosea eV 0.1 hadi 0.2 kwa nishati za namna hii bila aibu. Badilisha hiyo kuwa kasi kwa fomula ya Eyring, inayotoa kasi ya mmenyuko kutoka kwenye kizuizi chake cha nishati: kwenye nyuzi 25, mmenyuko wenye kizuizi cha kilokalori 20 kwa moli humaliza nusu ya molekuli zake kwa muda usiofika dakika moja. Kizuizi kikiwa kilokalori 25, nusu hiyo huchukua karibu siku tatu. Tofauti ya kilokalori tano ni eV 0.22 tu. Kwa hiyo makala inayodai kwamba kichocheo A kinakishinda kichocheo B kwa eV 0.03 haijasema lolote. Ikidai tofauti ya eV 0.8, nasikiliza.

Swali jingine ambalo waandishi wengi hulikwepa: je, hiyo atomu ya metali itakaa hapo ilipowekwa? Utasoma kwamba platinamu imeshikamana na karatasi kwa eV 3, na mwandishi anahitimisha kwamba imetulia. Imetulia ukilinganisha na atomu ya platinamu inayoelea peke yake kwenye ombwe, ambayo haipo popote maabara. Kwenye kipande cha platinamu, kila atomu imeshikwa na wenzake kwa eV 5.84. Kwa hesabu hiyo atomu zako zitaiacha karatasi, zitakutana, na kutengeneza chembe. Utakuwa na vumbi la platinamu. Paladiamu ni 3.89, chuma 4.28, nikeli 4.44, shaba 3.49. Kwa lithiamu ni 1.63 tu, na kwa potasiamu 0.93, kwa hiyo hizo hushinda mtihani huu kwa urahisi zaidi, halafu zinaanguka mtihani wa hewa na maji. Namba hizi zipo kwenye vitabu vya fizikia ya yabisi; kuziweka kwenye jedwali lako kunakuchukua dakika tano na kunakutofautisha na nusu ya makala ulizosoma.

Na spini. Metali za safu ya kati zina elektroni zisizo na wenza, na programu haitakuambia ni ngapi. Wewe ndiye unayeiambia. Chuma cha chaji mbili kinaweza kuwa na elektroni sifuri, mbili au nne zisizo na wenza, na fankshonali tofauti huchagua washindi tofauti: zisizo na mchango wa Hartree na Fock huelekea kupendelea spini ndogo, zenye mchango mkubwa hupendelea spini kubwa. Kipo kipimo kizuri cha kuijaribia mbinu yako: fthalosianini ya chuma, ambayo maabara inasema ina elektroni mbili zisizo na wenza. Mbinu yako ikisema nne, usiitumie kwenye kichocheo kipya cha chuma halafu utegemee Mungu.

Nisikuache ukidhani kila upandikizaji ni wa kutiliwa shaka. Tofautisha kuweka atomu juu ya molekuli na kuiingiza ndani ya mifupa yake. Mwaka 2016 kundi la Takuji Hatakeyama, Japani, lilichapisha molekuli ambazo kaboni kadhaa za pete zilizoungana zimebadilishwa kwa boroni moja na nitrojeni mbili. Boroni huvuta elektroni, nitrojeni husukuma, na kwa kuwa zimepangwa kwa kupokezana, obitali ya juu iliyojaa na ya chini iliyo tupu hukaa kwenye atomu tofauti zilizo jirani. Matokeo yake ni mwanga wa buluu wenye wigo mwembamba, upana wa nanomita 28 hivi, unaofaa kwa vioo vya skrini. Hakuna elektroni iliyolegea hapo. Kila kitu kimefungwa kwa vifungo vya kweli. Lakini hata huku DFT ya kawaida huteleza: pengo kati ya hali ya spini zilizojifunga na hali ya spini zilizo sambamba hutoka kubwa kuliko linavyopimwa, kwa sababu mbinu hiyo haizioni hali ambamo elektroni mbili huruka kwa pamoja. Lazima upande kwenye mbinu ghali zaidi, kama ADC(2). Ukiniuliza mimi binafsi, kwa mradi wa mwaka mmoja ningekupa molekuli za aina hii kabla ya kukupa lithiamu juu ya kizimba: zinatengenezeka, na vipimo vya kuzilinganisha navyo vipo.

Lakini wewe umeuliza kizimba, basi tuanze nacho, na kompyuta yako ya kawaida inatosha. ORCA hutolewa bure kwa matumizi ya kitaaluma. Xtb, ya makadirio ya haraka, na Quantum ESPRESSO ni programu huria. Kwa molekuli tumia ORCA. Kwa karatasi zisizo na mwisho kama grafini, Quantum ESPRESSO. Multiwfn, ambayo nayo ni ya bure, itakuchorea chaji ilipohamia.

Kazi ya kwanza kabisa iwe para-nitroanilini. Haina jipya lolote, na ndiyo faida yake: thamani zake zimechapishwa mara nyingi, kwa hiyo utajua kama vizio vyako na kanuni yako viko sawa. Ukishaipata, ingia kwenye B₁₂N₁₂ tupu. β ikitoka kitu kingine zaidi ya sifuri, umbo lako halijatulia, rudi ulitulize. Kisha lithiamu. Usiiweke mahali pamoja. Jaribu juu ya boroni, juu ya nitrojeni, katikati ya mraba, katikati ya pembesita, juu ya kifungo kinachotenga mraba na pembesita, na juu ya kile kinachotenga pembesita mbili. Sehemu kadhaa kati ya hizo zitateleza na kuishia mahali pamoja. Hilo nalo ni tokeo, liandike. Kwa kila iliyobaki, hesabu mitetemo. Masafa yote yakiwa chanya, umefika bondeni. Ukiona moja la kufikirika, upo juu ya tandiko, na hilo linakubalika ukiwa unatafuta hali ya mpito tu.

Hesabu elektroni kwa mkono kabla ya kubonyeza chochote. Boroni 12 zina elektroni 60, nitrojeni 12 zina 84, jumla 144, na lithiamu inaleta tatu: 147. Ni namba witiri, kwa hiyo lazima kuwe na elektroni moja isiyo na mwenza na uzidishi wa spini ni 2. Programu ikimaliza, tafuta mstari wa S², kipimo cha spini ya molekuli nzima. Inatakiwa iwe 0.75. Ikiwa 0.76, sawa. Ikiwa 1.1, hali mbili zimechanganyika na β yako haina maana, hata kama inapendeza.

Baada ya hapo rudia β kwa fankshonali tatu, mathalani CAM-B3LYP, ωB97X-D na M06-2X, kwa lithiamu, sodiamu na potasiamu. Namba zenyewe zitatofautiana, hilo litegemee. Unachokitafuta ni mpangilio: je, potasiamu inaishinda sodiamu kwenye zote tatu? Ikiwa ndiyo, una jambo la kuandika. Ikiwa mpangilio unabadilika kila ukibadili fankshonali, jambo la kuandika ni hilo la kubadilika, na msimamizi mwenye busara atalikubali. Ongeza spekta ya umezaji na β ya nanomita 1064. Mwisho weka molekuli moja ya maji karibu na lithiamu, uiache itulie, uone inabaki maji au inaanza kupasuka. Sijaona makala nyingi za vizimba zinazoweka hilo la maji, ingawa ni hesabu ya usiku mmoja.

Uchocheaji uache kwa mradi unaofuata. Si kwamba ni mgumu zaidi kimawazo, lakini karatasi ya grafini yenye metali, spini zake zote, na maji yanayoizunguka itakula muda wa kompyuta yako mpaka tarehe ya kuwasilisha ipite.